Faili Lisilojua Jina Lake

Katika Unix, faili halijui jina lake. Linajua ukubwa wake, mmiliki wake, kundi lake, nani aruhusiwe kulisoma na nani azuiwe, liliguswa lini mara ya mwisho, na baiti zake zimelazwa wapi kwenye diski. Jina halimo. Limeandikwa kwingine, kwenye saraka, na saraka yenyewe ni faili tu lenye orodha ya majina, kila jina na namba yake. Ukiandika ls -li kwenye Linux, namba hiyo inatokea kushoto kabisa, kabla ya ruhusa na kabla ya ukubwa. Ni namba ya ainodi. Kwa keneli, yaani kiini cha mfumo, ainodi ndiyo faili lenyewe. Majina ni njia za kulifikia tu.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Mfumo wa FAT, ule wa MS-DOS ambao bado unatumika kwenye flashi na kadi za kamera, unaweka kila kitu pamoja: rekodi ya baiti 32 ndani ya saraka inabeba jina, ukubwa, tarehe na mahali faili linapoanzia. Ni rahisi kuuelewa na rahisi kuuandikia programu. Lakini jina likiondoka faili limekwenda nalo, na ukikuta majina mawili yanaelekeza kwenye data ileile, mfumo unahesabu kuwa diski imeharibika. Ken Thompson na Dennis Ritchie, waliokuwa wakijenga Unix katika maabara ya Bell huko New Jersey tangu 1969, waliyatenga mambo hayo mawili mapema kabisa, na mengi yanayowafurahisha au kuwaudhi waandika programu hadi leo yametokana na utengano huo.

Dai langu ni hili: ainodi ilitungwa kwa mahitaji ya keneli. Kila kilichoandikwa humo, keneli ilikihitaji ili imzuie mtu, isome bloku, au ijue lini nafasi irudishwe. Waandika programu walifunguliwa dirisha la kuchungulia humo, yaani mwito wa stat, nao wakaanza kuuliza maswali ambayo ainodi haikuandikwa kuyajibu. Je, faili hili limebadilika tangu nilipolisoma? Haya ni mafaili mawili au ni moja? Lilizaliwa lini? Walipokosa jibu walikisia, na makisio yao yakageuka mazoea ya taaluma nzima.

Toleo la saba la Unix, la 1979, linaonyesha ubunifu huo ukiwa bado mtupu, kabla haujavikwa chochote. Ainodi kwenye diski ilikuwa na baiti 64, kwa hiyo bloku moja ya baiti 512 ilibeba ainodi nane. Baiti mbili zilikuwa za aina na ruhusa, mbili za idadi ya majina, mbili za mmiliki, mbili za kundi, nne za ukubwa, 40 za anwani za bloku, na 12 za nyakati tatu. Katika zile 40 zilipangwa anwani 13 za baiti tatu tatu, baiti moja ikabaki bure. Anwani kumi za kwanza zilielekeza moja kwa moja kwenye data. Ya 11 ilielekeza kwenye bloku iliyojaa anwani nyingine. Ya 12 ilishuka ngazi mbili, na ya 13 ngazi tatu. Faili lisilozidi baiti 5,120 lilisomwa bila kupitia ngazi yoyote.

Saraka za wakati huo zilikuwa nyepesi zaidi: baiti 16 kwa kila jina, mbili za namba ya ainodi na 14 za jina. Programu ya ls iliifungua saraka kama faili jingine lolote na kuzisoma baiti hizo yenyewe. Wajenzi wa 4.2BSD huko Berkeley waliporuhusu majina ya hadi baiti 255, mwaka 1983, rekodi za saraka zikawa na urefu tofauti tofauti, na programu zikapewa opendir na readdir ili zisihangaike na mpangilio wa ndani. Leo ukijaribu kuisoma saraka kwa read kwenye Linux, keneli inakukatalia. Nadhani mlango huo ulifungwa kwa haki. Programu iliyokariri mpangilio wa baiti za saraka ilikuwa imejitabiria kifo siku ambayo mpangilio ungebadilika.

Rudi kwenye majina. Mtu mmoja anaweza kuitwa Baba Asha nyumbani, Mwalimu kazini na Kipara kijiweni, na kila anayemwita anampata yuleyule. Faili la Unix ni hivyohivyo: ln inaliongezea jina, rm inaliondolea. Ainodi haina orodha ya majina hayo. Ina hesabu yake tu, na hakuna njia ya mkato ya kutoka kwenye ainodi kwenda kwenye majina yote zaidi ya kuipekua diski nzima. Kwa hiyo Unix haina mwito wa kufuta faili. Ina mwito wa kuondoa jina; nafasi inarudishwa hesabu ikifika sifuri, na pale tu ambapo hakuna programu inayoendelea kulishikilia faili likiwa wazi.

Sharti hilo la mwisho huwatoa jasho wasimamizi wa seva. Diski imejaa, df inaonyesha asilimia 100. Msimamizi anakuta faili la kumbukumbu za programu lenye gigabaiti kadhaa, analifuta kwa rm, anatazama df tena: asilimia 100 vilevile. Anaendesha du kujumlisha kila kilichomo, du inamwambia nafasi ipo tele. Zote mbili zinasema kweli. Hesabu ya majina imekuwa sifuri, kwa hiyo du, inayotembea kwa majina, haina pa kulionea faili. Lakini programu bado inaliandikia, kwa hiyo df, inayouliza mfumo umebakiwa na bloku ngapi, inalihesabu. Amri ya lsof +L1 italifichua, na programu ikifungwa au kuwashwa upya nafasi itarudi papo hapo. Angelipunguza faili hadi sifuri badala ya kuondoa jina, pasingekuwa na kizaazaa.

Utengano huohuo ndio unaofanya uhifadhi salama uwezekane. Programu makini inapohifadhi waraka haiandiki juu ya ule wa zamani. Inaandika faili jipya pembeni, inahakikisha limefika kwenye diski, kisha inatumia rename kulipa jina la zamani kwa tendo moja lisilogawanyika. Umeme ukikatika katikati, ama una waraka wa zamani mzima au mpya mzima. Gharama yake ni kwamba jina ni lilelile lakini ainodi ni nyingine. Anayefuatilia faili kwa tail -f atabaki ameduwaa mbele ya ainodi ya zamani isiyoandikiwa tena, ilhali tail -F, yenye herufi kubwa, inafuata jina na kufungua upya linapohamia kwenye ainodi nyingine.

Sasa dirisha lenyewe. Mwito wa stat unapokea jina na kurudisha namba ya kifaa, namba ya ainodi, aina na ruhusa, idadi ya majina, mmiliki, kundi, ukubwa, idadi ya bloku na nyakati. Angalia kisichorudishwa: zile anwani za bloku, ambazo katika toleo la saba zilikula baiti 40 kati ya 64. Sehemu kubwa ya ainodi imefichwa makusudi, na ndiyo maana ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, iliweza kuacha anwani moja moja na kutumia vipande virefu vya bloku zinazofuatana, katika nafasi ileile ya baiti 60 iliyorithiwa kutoka ext2, bila programu hata moja kuhisi tofauti.

Sehemu inayoitwa st_mode inastahili kutazamwa kwa karibu. Ina biti 16. Kwa faili la kawaida ambalo mwenyewe analisoma na kuliandika na wengine wanalisoma tu, thamani yake kwa tarakimu za msingi wa nane ni 100644. Atumiaye Git ameiona namba hiyo mara nyingi, kwa sababu Git imeazima mtindo huo. Biti tisa za chini ni ruhusa za mmiliki, kundi na wengine. Juu yake zipo tatu maalumu. Moja ni ile ya setuid, inayoifanya programu iendeshwe kwa mamlaka ya mwenye faili badala ya aliyeiita; ndiyo inayomwezesha mtumiaji wa kawaida kubadilisha nywila yake kwa passwd, na Ritchie aliipatia hataza ya Marekani iliyotolewa 1979. Biti nne za juu kabisa ni aina ya faili, na hapo ndipo mtego ulipo. Faili la kawaida ni 10, kiungo cha ishara ni 12, soketi ni 14, saraka ni 04, kifaa cha bloku ni 06. Hizi ni namba za kulinganisha nzima nzima. Mwandishi anayepima kama biti ya faili la kawaida imewashwa, bila kuchuja kwanza biti zote nne, atapata jibu la ndiyo kwa kiungo cha ishara na kwa soketi pia. Akipima biti ya saraka kwa njia hiyo, kifaa cha bloku nacho kitajitangaza kuwa saraka. S_ISREG na S_ISDIR zipo ili mtu asijifanyie hesabu hiyo mwenyewe, lakini programu zinazojifanyia bado zinazaliwa.

Mmiliki na kundi ni namba tu. Jina la mmiliki unaloliona kwenye ls -l limetafutwa katika /etc/passwd au kwenye seva ya majina, baada ya stat kumaliza kazi yake. Hamisha diski kwenye kompyuta nyingine ambako namba 1000 ni ya mtu mwingine, na mafaili yako yote yamepata mwenyewe mpya bila baiti hata moja kuandikwa. Aliyewahi kuunganisha saraka ya kontena na ya kompyuta inayolibeba anaijua adha hii.

Miito ni mitatu kwa sababu maswali ni matatu. stat inafuata viungo vya ishara hadi kwenye faili la mwisho. lstat inasimama kwenye kiungo chenyewe. fstat inapokea faili lililokwisha kufunguliwa na haijali jina tena. Huu wa tatu ndio wenye thamani kubwa kiusalama. Programu inayouliza kwa jina, ikaridhika na jibu, kisha ikafungua kwa jina hilohilo, imeacha upenyo katikati. Mtu mwenye ruhusa ya kuandika kwenye saraka hiyo anaweza kuliondoa faili lililokaguliwa na kuweka kiungo kinachoelekea kwenye faili la siri, na programu yenye mamlaka makubwa italifungua kwa niaba yake. Jina si faili. Kati ya miito miwili linaweza kuwa limehamia kwingine. Fungua kwanza, kisha uliza kwa fstat kuhusu hicho ulichokishika. Miito kama openat na fstatat, iliyoingia kwenye viwango vya POSIX mwaka 2008, imepeleka wazo hilo hadi kwenye saraka, ili programu itembee mti wa saraka ikiwa imeshika kila ngazi mkononi.

Kuhusu ukubwa sina mengi. Ukubwa ni umbali wa baiti ya mwisho kutoka mwanzo. Nafasi iliyoliwa ni st_blocks, inayohesabiwa kwenye Linux kwa vipimo vya baiti 512 hata kama mfumo unatumia bloku za 4,096. Faili lenye mashimo, mfano taswira ya diski ya mashine pepe, linaweza kujitangaza kuwa na gigabaiti 100 huku likila megabaiti chache. Anayezidisha st_blocks kwa st_blksize atapata namba ya ajabu. Na ainodi zenyewe zinaweza kuisha kabla ya bloku: ext4 kwa kawaida hutenga ainodi moja kwa kila kilobaiti 16 siku mfumo unapoundwa, na seva yenye mamilioni ya mafaili madogo itaambiwa nafasi imekwisha ilhali df inaonyesha nusu ya diski iko tupu. Hapo huulizwa df -i.

Utajiri wa jambo hili, na fujo zake, uko kwenye nyakati.

Unix huandika wakati kama idadi ya sekunde tangu 1 Januari 1970, saa za UTC. Mwanzoni kabisa, katika mwongozo wa 1971, wakati ulihesabiwa kwa sehemu moja ya sitini ya sekunde. Biti 32 za namna hiyo hujaa baada ya miaka miwili na ushee, kwa hiyo haikuchukua muda kuliacha wazo hilo. Kwa kuwa saa za Afrika Mashariki ziko mbele kwa saa tatu, sifuri ya Unix inatokea kwenye kompyuta ya Dar es Salaam au Nairobi kama 1 Januari 1970, 03:00, saa tisa usiku. Ukikuta faili lenye tarehe hiyo, hakuna aliyekuwa macho usiku huo akiliandika: kuna programu iliyoweka sifuri mahali palipotakiwa tarehe.

Nyakati za jadi ni tatu. mtime ni lini yaliyomo yalibadilishwa. atime ni lini yalisomwa. ctime ni lini ainodi yenyewe ilibadilishwa, iwe kwa kuandikiwa, kubadilishiwa ruhusa au mmiliki, au kuongezewa jina. Vizazi vya waandika programu vimeichukulia ctime kuwa tarehe ya kuzaliwa kwa faili, na kosa hilo lilipewa nguvu na maktaba ya C ya Windows, ambayo katika sehemu ya jina hilohilo inarudisha kweli tarehe ya kuundwa. Programu moja ya Python iliweza kusoma st_ctime na kupata maana mbili kwenye mifumo miwili; toleo la 3.12 limeanza kuwatahadharisha watumiaji wa Windows waache. Tofauti yenye faida ni nyingine. mtime na atime mwenye faili anaweza kuziweka atakavyo, ndiyo kazi ya touch. ctime hakuna mwito wa kuiweka. Keneli huisoma kutoka kwenye saa yake. Mtu akirudisha nyuma mtime ili kuficha mkono wake, ctime itamsema. Kwa chombo cha nakala rudufu au cha uchunguzi wa uvamizi, huyo ndiye shahidi bora, ingawa aliye na mamlaka ya kubadilisha saa ya kompyuta anaweza kumtia shahidi huyo maneno kinywani.

atime ilikuwa wazo jema kwenye karatasi na balaa kwenye diski. Maana yake ni kwamba kila kusoma kunazaa kuandika. Tafuta neno kwenye mafaili elfu kumi, na umeagiza ainodi elfu kumi ziandikwe upya. Mwaka 2007 Ingo Molnar, mmoja wa wajenzi wakubwa wa Linux, aliishambulia hadharani kwa ukali wa kukumbukwa, na sioni alipokosea. Lakini haikuweza kufutwa tu, kwani zilikuwepo programu zilizoitegemea: Mutt, ya kusomea barua pepe, ilijua kuna barua mpya kwa kuona sanduku limeandikwa baada ya kusomwa mara ya mwisho. Suluhu ilikuwa relatime, ambayo imekuwa desturi ya Linux tangu toleo la 2.6.30 la 2009: atime inasogezwa ikiwa tu imepitwa na mtime au ctime, au imechakaa zaidi ya saa 24. Mutt ikaridhika, diski zikapumua. Ila anayesoma atime leo akidhani anaona usomaji wa mwisho, anaona kitu kingine: tarehe inayoweza kuwa nyuma kwa karibu siku nzima.

mtime nayo imebebeshwa mzigo kuliko zote. Stuart Feldman alipoandika make huko Bell Labs mwaka 1976, aliijenga juu ya swali moja: je, faili la chanzo ni jipya kuliko lililozalishwa? Swali linajibiwa kwa kulinganisha mtime mbili, na kwa sekunde nzima nzima hilo lilitosha kwa mashine zilizochukua sekunde kadhaa kutafsiri faili moja. Kwenye mashine za leo mambo mengi hutokea ndani ya sekunde moja. Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, iliukuta ukuta huo uso kwa uso. Ili git status ijibu haraka kwenye mradi wa makumi ya maelfu ya mafaili, haisomi yaliyomo. Inaita lstat kwa kila faili na kulinganisha ukubwa, nyakati, namba ya ainodi na vinginevyo na nakala ilizoziweka kwenye faharasa yake. Vikilingana, faili halijabadilika. Sasa fikiria faili limeingizwa kwenye faharasa, kisha katika sekunde hiyohiyo tarakimu moja ndani yake ikageuzwa kutoka 3 kuwa 8. Ukubwa ni uleule, mtime ni ileile, ainodi ni ileile. Git ingeapa kwamba hakuna kilichobadilika. Dawa ya Git ni ya busara: faili ambalo mtime yake haiko nyuma ya wakati faharasa ilipoandikwa halisadikiwi kwa stat pekee, lazima lisomwe.

Mtu atasema nanosekunde zilikwisha kuja. Ndiyo, ext4 inazo. Ainodi yake ya kawaida ni ya baiti 256, na katika nafasi iliyoongezeka, kila wakati umepewa biti 32 za ziada: 30 za nanosekunde, kwa sababu hizo hutosha kuhesabu hadi bilioni moja na kidogo, na mbili zilizobaki zimeongezwa kwenye sekunde, zikaisogeza siku ya kujaa kutoka Januari 2038 hadi mwaka 2446. Napenda hesabu hiyo. Hakuna biti iliyotupwa. Lakini tarakimu tisa baada ya nukta hazikuwa na usahihi huo. Keneli iliweka wakati wa mdundo wake wa mwisho, ambao huweza kuwa umepita milisekunde nne, na kwa milisekunde nne kompyuta inaandika faili mara nyingi.

Tarehe ya kuzaliwa ina kisa chake. FreeBSD na macOS ziliionyesha mapema kwenye stat yao. Kwenye Linux, ext4 iliiandika kwenye diski tangu ilipotangazwa kuwa tayari mwaka 2008, ila hakukuwa na mwito wa kuisoma. Strakti ya stat ilikuwa imegandishwa: kila programu iliyokwisha kutafsiriwa ilijua ni baiti ngapi na kila sehemu iko wapi, na kuongeza hata moja kungezivunja zote. Kwa miaka mingi amri ya stat ilichapa mstari wa tarehe ya kuzaliwa ukiwa na kistari kitupu, huku mwenye mamlaka ya msimamizi akilazimika kuichimba kutoka kwenye diski ghafi kwa debugfs.

Kabla ya kusema mwisho wa kisa hicho, kuna makisio mawili zaidi yanayostahili kutajwa. La kwanza ni la amri ya find. Katika mifumo ya jadi, idadi ya majina ya saraka ni mbili jumlisha saraka zilizomo ndani yake: jina lake kwa mzazi, nukta moja ndani yake, na nukta mbili ndani ya kila mtoto. find ikajifunza kutoa mbili, na ikishaziona saraka za idadi hiyo, inajua vilivyobaki si saraka na haina haja ya kuviita stat kimoja kimoja. Ujanja mzuri, mpaka ulipokuja mfumo wa mafaili wa Btrfs, unaosema moja kwa kila saraka. Baadaye readdir yenyewe ikaanza kurudisha aina ya kila kilichomo pamoja na jina lake, ikiwa na thamani maalumu ya kusema aina haijulikani, na programu nyingi hazikumbuki kushughulikia thamani hiyo mpaka zikutane na mfumo unaoirudisha.

La pili ni la utambulisho. Tangu zamani, tar, cp na du hutambua kwamba majina mawili ni faili moja kwa kulinganisha namba ya kifaa na ya ainodi. Ni sahihi kwa dakika hii, kwenye mfumo huu. Faili likifutwa, ainodi hupewa faili jingine, na programu iliyohifadhi namba hiyo jana leo inamshika mgeni. Kwenye Btrfs ainodi ni ya pekee ndani ya tawi lake tu, kwa hiyo mfumo unabuni namba tofauti ya kifaa kwa kila tawi. Kwenye mfumo wa XFS namba ya ainodi hubeba ndani yake mahali ilipo kwenye diski, na katika diski kubwa hupita biti 32. Programu za zamani za biti 32 hupewa kosa kwa faili ambalo hazikutaka kujua namba yake hata kidogo.

Mwisho wa kisa cha kuzaliwa ni statx, ya David Howells, aliyeanza kulipendekeza wazo hilo mwaka 2010 na kuliona likiingia kwenye Linux 4.11 mwaka 2017. Amri ya stat ikaanza kujaza kile kistari mwaka 2019. Ndani ya statx mna jambo kubwa kuliko tarehe ya kuzaliwa, nalo ni barakoa ya biti: programu inasema inataka nini, na keneli inarudisha barakoa yake ikisema imejaza nini. stat ya zamani haikuweza kukiri kwamba haijui. Mfumo wa FAT ukipachikwa kwenye Linux hauna ainodi, hauna mmiliki, hauna ruhusa. stat ikalazimika kuvibuni vyote, na programu haikuwa na njia ya kutofautisha kilichoandikwa na kilichobuniwa. Kwenye mafaili yaliyo mbali, kupitia mtandao, mwulizaji sasa anaweza pia kusema kama anataka jibu la sasa hivi hata kwa kuchelewa, au jibu lililopo karibu linamtosha.

Njia nyingine ya kutoka kwenye strakti iliyogandishwa ilikuwa kuizunguka: sifa za ziada, jina na thamani vinavyobandikwa kwenye ainodi. Linux inazigawa katika makundi manne, user, trusted, security na system, na humo ndimo zimewekwa lebo za SELinux, mamlaka madogo madogo ya programu, na orodha ndefu za ruhusa, ambazo rasimu yake ya POSIX ilitupwa 1998 lakini mifumo mingi ikaifuata hivyohivyo. Zinafaa, ila ni dhaifu kwa namna ambayo ruhusa za kawaida si dhaifu. cp isiyoambiwa inaziacha nyuma. tar isiyopewa chaguo lake inazidondosha, na ping iliyotegemea sifa ya security badala ya setuid inaamka baada ya kurejeshwa ikiwa haifanyi kazi. Zikipita kwenye flashi ya FAT, hakuna kitakachovuka.

Swali la Git, je faili hili limebadilika, bado halijajibiwa kwa ukamilifu, na hapo ndipo naona dai la mwanzo linapothibitika. Linux 6.13, ya Januari 2025, imeleta nyakati za usahihi wa kupanda na kushuka, kazi ya Jeff Layton: keneli hutumia mdundo wake wa kawaida, isipokuwa mtu akiwa ameusoma wakati wa faili tangu ulipowekwa, hapo badiliko linalofuata hupewa wakati wa usahihi wa juu ili lionekane. Msukumo mkubwa wa kazi hiyo ulikuwa NFS, njia ya kushiriki mafaili kupitia mtandao, ambayo seva yake lazima imwambie mteja kama nakala aliyonayo bado ni halali. Kwa ajili hiyohiyo mifumo kama ext4 na Btrfs hubeba kwenye ainodi hesabu ya mabadiliko, namba inayosogea kila faili linapobadilika, isiyotegemea saa yoyote. Ndani ya keneli, seva ya NFS huiomba namba hiyo kwa njia ileile ya statx, ikiwa na biti yake kwenye barakoa. Programu ya kawaida ikiiomba, keneli huifuta biti hiyo kabla ya kurudisha jibu.